Usinywe Panadol ili upite kipimajoto

Jana usiku msomaji mmoja ameniandikia: "Dada, nasafiri kesho, mwili unachemka kidogo. Nikinywa Panadol nitapita pale wanapopima joto?"

Huenda ukapita. Mimi nilipita, na leo ndiyo mara ya kwanza nalisema.

Ilikuwa 2021. Cheti changu cha PCR, kile kipimo cha UVIKO-19 (korona), kilikuwa hasi, sampuli imechukuliwa ndani ya saa 72 kama nchi ile ilivyotaka. Jina langu nililihakiki herufi kwa herufi na la pasipoti. (Nawe hakiki, popote utakapodaiwa cheti. Kijana aliyenitangulia foleni aliwekwa pembeni kwa sababu cheti chake kilikosa jina la kati.) Lakini cheti kinasema habari za siku ya sampuli tu, na usiku wa kuamkia safari koo lilianza kuwasha.

Ndani ya ndege tukagawiwa fomu za afya. Sikuwa na kalamu, nikaazimwa na mama mtu mzima aliyekaa ubavuni kwangu. Homa? Hapana. Kikohozi? Hapana. Koo kuuma? Hapana. Nikamrudishia kalamu mkononi, nikameza vidonge viwili. Pale chini kipimajoto kikaelekezwa kwenye paji la uso, kikasoma 36.6, nikapungiwa mkono nipite.

Siku ya tatu nikapimwa, nikakutwa na UVIKO-19. Wahudumu wa afya walinipigia wakitaka namba ya kiti. Nikawatajia, na cha yule mama. Alivyoendelea sikuambiwa.

Jamani, kipimajoto hakioni virusi, kinaona joto tu. Ugonjwa huu huweza kujificha hadi siku 14 kabla ya dalili, na wapo wanaoambukiza bila kuchemka hata siku moja. Ndiyo maana fomu ina uzito: simu yako, kiti chako, unavyojisikia. Ukiidanganya, umewavua kinga walioketi karibu nawe. Tunanung'unikia foleni na maofisa wakali, halafu sisi wenyewe ndio tunaopitisha ugonjwa mlangoni. Sema kweli. Hata kama umeshafika uwanjani, sema kweli.

Kwako ndugu uliyeniandikia: usiende. Jitenge, ukapime. Na wapigie simu watu wa tiketi sasa hivi ubadilishe tarehe, kabla ndege haijaondoka, maana ikishaondoka utahesabiwa umeikosa na nauli inaweza kupotea.