Programu yangu iliangushwa na mashudu

Juzi kijana mmoja wa Singida kaniandikia: "Shikamoo kaka. Nasoma mambo ya kompyuta, mwaka wa pili. Kila siku naambiwa akili mnemba itaandika programu zote. Niendelee au nihamie ualimu?" Nilimjibu mistari mitatu, kisha nikaona nimemdhulumu. Jibu lenyewe ni refu na lina aibu yangu ndani yake, ndiyo maana nimechelewa kulitoa.

Mimi ni fundi wa programu hapa Dodoma. Si zile za serikali. Sijawahi kushinda zabuni hata moja kule Mtumba, kwenye mji wa serikali, na nimeshaacha kujidanganya. Natengeneza programu za stoo na mauzo kwa wafanyabiashara wa kati: maduka ya pembejeo, wauza mabati na saruji, famasi, vinu vya alizeti. Nilianza 2017, wakati watumishi wanahamia kwa wingi na kila fremu mjini inapata mpangaji. Miaka ya kujifunza siisimulii, ilikuwa bando la usiku na macho mekundu tu.

Biashara yangu ilikaa juu ya wazo moja. Natengeneza programu mara moja, naikodisha kwa wengi, nalipwa kwa kichwa. Kila mtumiaji shilingi 25,000 kwa mwezi. Ndivyo wanavyofanya wakubwa wa Marekani, nilikuwa nawaambia watu hata kwenye vikao vya harusi, wakati mwenyekiti anahangaika na ahadi za michango. Kwamba dukani watu wanne walikuwa wanaingia kwa nywila moja ili walipe kichwa kimoja, nililijua, nikaliita utovu wa uaminifu. Leo naona walikuwa wananiambia kitu kuhusu bei yangu.

Mteja wangu wa fahari alikuwa mzee mmoja mwenye kinu cha kukamua alizeti, Kizota. Watumiaji watatu, 75,000 kila mwezi, miaka minne hajachelewesha hata siku moja. Mwaka jana mwezi wa tatu akanipigia. "Kijana wangu, mimi mwezi huu naishia hapa. Usiendelee kulipia mitambo kwa ajili yangu." Nikamuuliza kama kuna kitu kimeharibika. Akacheka kidogo. "Hakuna kilichoharibika. Mjukuu wangu kanitengenezea nyingine."

Mjukuu namfahamu. Yuko UDOM, Chuo Kikuu cha Dodoma, na hata hasomi kompyuta, anasoma biashara. Nilikuwa namtuma soda.

Siku mbili sikulala vizuri. Siku ya tatu nikapanda bodaboda kwenda Kizota, nikasingizia nakwenda kumkabidhi mzee kumbukumbu zake. Ukweli nilikwenda kuicheka ile programu. Na kwa macho ilikuwa ya kuchekesha kweli: kijani na njano tupu, maana kijana ni Yanga, herufi kubwa kama bango la mkutano wa hadhara. Nikavuta kiti karibu na karani, nikaanza kusoma skrini. Mstari wa tatu ulikuwa umeandikwa hivi: "Malipo ya kukamua: pesa au mashudu?"

Kwa asiyejua kinu, ngoja nieleze kidogo. Mkulima analeta magunia yake ya alizeti, yanapimwa, yanakamuliwa. Mafuta yanaingia kwenye madumu yake. Yanayobaki ni mashudu, yale makapi yaliyokamuliwa, ambayo wafugaji wa kuku na ng'ombe wanayagombania. Sasa si kila mkulima anafika na hela ya kulipia kukamua. Wengi wanakubaliana na mwenye kinu: chukua mashudu, mimi niachie mafuta yangu, tumemalizana. Kwa hiyo kwenye kile kinu mashudu ni pesa. Ukitaka kujua mzee kapata nini mwezi huu halafu hujui mashudu yalikotoka na yalikokwenda, hujui kitu.

Programu yangu ilikuwa haikubali kuhifadhi kazi yoyote mpaka ujaze kiasi kwa shilingi. Nikamuuliza karani, dada mmoja mpole, miaka yote minne alikuwa anafanyaje mtu akilipa kwa mashudu. Akavuta mtoto wa meza, akatoa kaunta buku. "Kwenye kompyuta nilikuwa naandika shilingi moja, kaka. Halafu ukweli naandika humu."

Shilingi moja. Miaka minne. Zile grafu nzuri nilizokuwa namwonyesha mzee kila Desemba zilikuwa zimejengwa juu ya shilingi moja moja.

"Mbona hukuniambia?" nikamuuliza. Akaniangalia kama mtu anayemhurumia mgonjwa. "Nilikwambia mwaka ule wa kwanza. Ukasema utaliangalia."

Mjukuu hakuwa na maarifa yangu hata robo. Alipiga picha kurasa za ile kaunta buku, akaipa akili mnemba, akaielezea kazi ya kinu kwa Kiswahili cha kawaida kilichochanganyika na Kiingereza cha darasani, akarekebisha, akarudia. Wikiendi tatu. Mwezi mmoja tu kabla ya hapo, Februari 2025, mtaalamu wa akili mnemba Andrej Karpathy alikuwa ameandika kuhusu mtindo huu wa kutengeneza programu kwa kuongea na mashine bila hata kuusoma msimbo wenyewe, na mimi nilisoma nikasema huo ni mchezo wa watoto wa California. Kumbe mchezo ulishafika Kizota.

Nakiri nilitafuta makosa. Nikayapata. Hakukuwa na nakala ya akiba hata moja, na nywila ya kila mtu ilikuwa namba ya simu ya mzee. Nikamwambia kijana kwa sauti ya ualimu, nikijisikia raha. Raha yenyewe ikaisha saa kumi na mbili jioni, maana alikuwa ameshayarekebisha yote mawili na kunitumia ujumbe wa asante.

Nadhani umeshaona kinachoniuma. Ningeshindwa na mashine ningejipa moyo, ningesema dunia imebadilika, tungefanyaje. Nilishindwa na mtu aliyekulia kwenye yale magunia. Zamani kujua kazi ya kinu peke yake kusingemsaidia, kwa sababu kati yake na programu nilikuwa nimesimama mimi na miaka yangu ya msimbo, nikitoza ushuru kama kizuizi cha mazao barabarani. Akili mnemba imekiondoa kile kizuizi. Mwenye kujua kazi sasa anapita moja kwa moja.

Baada ya hapo nikawa nasoma usiku, kama mtu anayesoma dalili za ugonjwa wake. Nikaona wale wakubwa niliokuwa nawataja kwenye vikao nao wameanza kubabaika. Salesforce, kampuni ya programu ya Marekani iliyokua kwa kutoza kwa kichwa, Oktoba 2024 ilileta mawakala wake wa akili mnemba kwa bei ya dola 2 kwa kila mazungumzo. Ukifikiri, ni lazima. Kama mashine moja inajibu wateja kazi ya watu kumi, huna vichwa kumi vya kutoza. Nikasoma na Klarna, kampuni ya malipo ya Sweden, iliyotangaza mwanzoni mwa 2024 kwamba msaidizi wake wa akili mnemba anafanya kazi sawa na watu 700, kisha mwaka uliofuata mkubwa wake mwenyewe akakubali kwamba ubora ulishuka, wakaanza kutafuta watu tena. Mimi nazisoma habari hizi mbili kama habari moja: hakuna anayetaka tena kulipia kiti, anataka kulipia kazi iliyokwisha. Na kazi iliyokwisha vibaya inarudi mlangoni kwako.

Kwa hiyo nikaacha kutoza kwa kichwa. Sasa nauza kufunga mwezi. Mteja ananitumia picha za kaunta buku, ripoti za Z (jumla ya mauzo ya siku) za mashine ya risiti, ile EFD, taarifa za malipo ya simu, orodha ya mali kauli aliyotoa na nani bado hajalipa. Mashine inasoma na kupanga, mimi nakagua, tarehe 5 anapata ukurasa mmoja unaosema kiasi kilichoingia, kilichotoka, na mahali hesabu zinapogoma. Shilingi 120,000 kwa biashara, watumiaji wawe wangapi sijali. Kazi iliyokuwa inanila siku nne sasa ni mchana mmoja. Wateja watano kati ya kumi na mmoja niliokuwa nao waliondoka katika kuhama huko. Leo ninao kumi na wanne. Sijivuni. Haya, najivuna kidogo.

Lakini msinipigie makofi bado. Mwezi wa nane mama mmoja mwenye mgahawa maeneo ya Area D aliniuliza anadaiwa nini kwa ajili ya wafanyakazi wake. Ana watu saba, kila mmoja 250,000. Nikaiuliza mashine, ikajibu kwa Kiswahili kilichonyooka kuliko changu: mwajiri mwenye wafanyakazi wanne na kuendelea analipa tozo ya kuendeleza ujuzi, ile SDL, asilimia 4. Nikanakili, nikatuma. Mama wa watu akawa anatenga 70,000 kila mwezi. Mwezi uliofuata akanipigia. "Kaka, mdogo wangu mhasibu anasema hii hela sidaiwi." Ni kweli hadaiwi. Kiwango cha watu wanne kilikufa mwaka 2021, sasa tozo inaanzia wafanyakazi kumi, na asilimia yenyewe ilishushwa hadi 3.5 mwaka 2023. Mashine ilikuwa imenijibu kwa sheria ya zamani, bila kusita hata kidogo. Bahati nzuri hela ilikuwa bado iko kwake. Lakini yale mazungumzo ya simu nayakumbuka kila neno, na hakuna mahali nilipoweza kusema "ilikuwa kompyuta, mama". Jina kwenye ule ujumbe lilikuwa langu.

Sasa, mdogo wangu wa Singida, ushauri.

Nenda ukakae kwenye kazi za watu. Sisemi ukatembelee na daftari saa moja ukapige picha. Ukakae. Kaa na karani mpaka akutolee kile kitabu anachokificha kwenye mtoto wa meza, kwa sababu kila biashara ina kaunta buku yake, na humo ndimo programu ilimo. Mkikaa mnaongea lugha ya kompyuta peke yenu, nyie wasomi, mnashindana na kitu kisicholala wala kisichokula. Mnashindana ya nini? Wewe una shangazi muuza nafaka, una mjomba fundi gereji, una mama kwenye VICOBA. Hao ndio chuo. Narudia kwa makusudi: kakae nao.

Msimbo endelea kuusoma. Mimi nisingeusoma nisingeona kwamba kinu kizima kinalindwa na namba ya simu ya mzee. Ila usiufanye fahari yako, mimi niliufanya fahari ukanipofusha miaka minne.

Na ukiitumia mashine, usiitupie vitu vya watu ovyo. Niliwahi kuibandikia orodha nzima ya mishahara, majina na namba za simu humohumo, ndipo rafiki mmoja akanikumbusha kwamba tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, imeanza kufanya kazi tangu Mei 2023. Siku hizi naondoa majina kwanza, naweka namba. Inanichukua dakika tano. Usiseme huna dakika tano, TikTok unazo.

Kitu kingine, watu wanapenda kuniuliza ni akili mnemba ipi bora, ChatGPT au Claude au Gemini, kama vile wanauliza mganga yupi. Tumia yoyote. Ikikujibu kuhusu kodi, fungua sheria ya mwaka huu. Ikikujibu kuhusu mteja, mpigie mteja. Mimi sasa kila jibu lenye asilimia ndani yake halitoki ofisini kwangu bila kulisoma kwenye chanzo, na nimebandika karatasi ukutani yenye maneno mawili: WAFANYAKAZI SABA. Wageni wanadhani ni aya ya Biblia.

Mzee wa Kizota bado anatumia ile ya kijani na njano. Msimu uliopita aliniita nimfungie mwezi, maana mafuta yaliyotoka na mbegu zilizoingia havikuwa vinaoana na kijana alikuwa kwenye mitihani. Nikakaa na karani kutwa nzima. Kosa lilikuwa kwenye mizani, si kwenye programu ya mtu yeyote. Alinilipa mkononi, akaniongeza dumu la mafuta, akasema kijana wangu umepungua mwili.

Haya yote niliyaandika kwanza kama ujumbe kwa yule kijana, mrefu hivi hivi, jana usiku. Asubuhi kanijibu: "Asante sana kaka, nimekuelewa. Sasa unanishauri nisome kozi gani?"

Bado sijamjibu.