Uliza Fundi wa Seva: Kontena kwanza, Kubernetes baadaye

Dada, salamu kutoka Roysambu. Nimeiandikia sacco moja ya matatu programu ya kurekodi makusanyo ya kila siku, kwa Python. Kwenye laptopu inakwenda vizuri, nikiipandisha kwa bando kwenye seva yangu ya Ubuntu 20.04 inakataa. Nimekubandikia kosa lenyewe. Mwenzangu anasema dawa ni kuhamia Kubernetes. Nianzie wapi?

Mdogo wangu, mwenzako amekuandikia dawa ya ugonjwa mwingine. Katika mistari uliyobandika, seva imegoma pale ulipoandika *match*. Amri hiyo iliingia Python kwenye toleo la 3.10, mwaka 2021. Seva yako ni Ubuntu 20.04, ambayo huja na Python 3.8. Haijui *match* ni mdudu gani.

Unachohitaji ni kontena. Unaifunga programu pamoja na Python yake na maktaba zake zote kwenye imeji moja, na imeji hiyo hiyo uliyoijaribu nyumbani ndiyo inayopanda kwenye seva. Tazama ploti za bedsitter hapo kwenu: kila mpangaji ana mlango wake, kufuli lake na mita yake ya tokeni, lakini msingi ni mmoja. Makontena yote ya seva moja yanatumia kerneli moja ya Linux, yaani kiini cha mfumo endeshi. Kerneli ndiyo inayoweka kuta ili kontena lisione faili wala michakato ya jirani, na ndiyo inayopima kila moja limekula kumbukumbu kiasi gani. Likipita kiwango ulichoweka, linauawa. Ukikuta limekufa kwa namba 137, anza kushuku hapo. Uwezo huu ulikuwa ndani ya Linux hata kabla Docker, programu ya kujenga na kuendesha makontena, haijatoka mwaka 2013. Docker iliufanya utumike na watu kama mimi na wewe.

Naona unaishi kwa bando, kwa hiyo angalia sana mpangilio wa Dockerfile yako, faili la maelekezo ya kujenga imeji. Imeji hujengwa kwa tabaka, na tabaka ambalo halijabadilika halitumwi tena. Nakili kwanza *requirements.txt* (orodha ya maktaba) peke yake, sakinisha maktaba, kisha ndipo unakili msimbo wako. Ukibadilisha mstari mmoja wa msimbo, utapandisha tabaka dogo la mwisho tu. Ukigeuza mpangilio huo, kila marekebisho yatakusakinishia maktaba upya na kukutumisha mamia ya megabaiti, na bando litakwisha kabla ya saa nne asubuhi. Na kama laptopu yako ni Mac ya chipu za M, jenga imeji ya amd64 (aina ya chipu za Intel na AMD) kama seva yako ni ya aina hiyo. La sivyo itakataa tena na lawama zitanirudia mimi.

Kubernetes sasa. Ilitoka Google mwaka 2014, na kazi yake ni kuchunga makontena mengi kwenye mashine nyingi. Unaiandikia kwamba unataka nakala tatu za programu. Moja ikifa, inawasha nyingine, na mashine nzima ikizimika, inazihamishia nakala zake kwenye mashine iliyobaki. Ni kazi nzuri kweli. Lakini wewe una programu moja na sacco moja.

Wanaouza huduma hii kwenye klaudi husema "inasimamiwa", na hapo ndipo wengi wanapoingia mkenge. Kinachosimamiwa ni sehemu ya uongozi ya klasta, yaani ya kundi la mashine zinazoendesha makontena: kinachopokea amri zako, kinachohifadhi hali ya klasta, na kinachoamua kontena likae mashine gani. Imeji yenye matundu ya usalama ni yako. Nywila ni zako. Nakala rudufu ni zako. Amazon hutoza dola 0.10 kwa saa kwa kila klasta ya EKS, Kubernetes yake inayosimamiwa, yaani dola 72 kwa siku 30. Dola ikiwa shilingi 129, hiyo ni zaidi ya shilingi 9,000, na hujalipia mashine hata moja ya kuendeshea kazi. Tena kila toleo la Kubernetes hupewa miezi 14 ya usaidizi wa kawaida pale EKS. Ukilala bila kulipandisha, bei inaruka hadi dola 0.60 kwa saa. Bili ya namna hiyo makusanyo ya sacco yako hayataimudu.

Kaa na seva hiyo moja, weka Docker na Compose, inayowasha makontena yako yote kwa amri moja. Ukichoka kutunza seva, ijaribu Cloud Run ya Google: unaipa imeji, inaiendesha yenyewe, na wateja wakikosekana inashuka hadi sifuri. Google ina kituo Johannesburg tangu 2024, hivyo si lazima data ivuke hadi Ulaya. Ila acha nakala moja ikiwa macho daima, maana majibu ya malipo ya M-Pesa yakifika na kukuta kila kitu kimelala, yatasubiri kontena liwake kwanza. Siku utakapokuwa na programu kadhaa na vijana wawili wa kuzitunza, niandikie tena.

Mama, nauza viatu mtandaoni, duka liko Kamukunji. Kijana wangu akisasisha tovuti, picha za viatu zote zinapotea. Anasema ni kontena. Anadanganya?

Hadanganyi, ila hajamaliza kazi. Picha zinaandikwa ndani ya kontena lenyewe. Kuliwasha upya hakuzifuti, lakini kusasisha ni kuliondoa na kuweka jipya, na zile faili zinakwenda nalo. Mwambie aziweke kwenye volyumu, yaani hifadhi iliyo nje ya kontena, au kwenye hifadhi kama Amazon S3. Muulize pia hifadhidata ya oda iko wapi. Leo, kabla hajagusa kitu.

Ripoti yetu ya mauzo, inayoendeshwa kwenye kontena, imepangwa saa sita usiku lakini inatoka saa tisa. Tuko South B.

Makontena mengi huhesabu saa za UTC, saa ya kimataifa, na Nairobi iko mbele kwa saa tatu. Weka TZ, kigezo cha majira ya saa, iwe Africa/Nairobi. Kama imeji ni ya Alpine, Linux ndogo, sakinisha kwanza tzdata, data za majira. Kwenye CronJob ya Kubernetes, kazi inayoendeshwa kwa ratiba, tumia *timeZone*, iliyokomaa tangu toleo la 1.27. Kisha zipitieni ripoti za nyuma: kama zinakata siku kwa UTC, mauzo ya kati ya saa sita na saa tisa usiku yamekuwa yakiingia kwenye siku iliyotangulia.