Strontiamu nyingi sio ushahidi wa sumaku

Swali: Shikamoo mwalimu. Nasoma fizikia hapa Mbeya. Nimeshusha spektra (mwanga wa nyota uliotawanywa kwa rangi zake) za LAMOST, ile darubini ya China, nikakuta nyota ya kundi A, zile nyeupe zenye joto kuliko Jua, ina mstari mweusi mnene sana wa elementi ya strontiamu pale nanomita 407.7. Naweza kuandika kwenye ripoti kwamba ni nyota ya sumaku, yaani yenye uga mkubwa wa sumaku?

Jibu: Marahaba mdogo wangu. Usiandike bado. Hili kosa nakutana nalo kila muhula na linaniuma, maana mtu kahangaika na bando usiku kucha afu anaharibu kazi mstari wa mwisho.

Huo mstari unanenepa hata kwenye nyota jitu za kawaida kabisa, na kwenye spektra za LAMOST zisizoonyesha mistari kwa undani sana unachanganyikana na wa silikoni na wa kromiamu walio jirani. Halafu kuna nyota za Am, yaani za kundi A zenye metali nyingi usoni, hizo zina strontiamu ya kutosha ila sumaku kubwa hazina, kwahiyo kaangalie kwanza mstari wa K wa kalsiamu, ukiwa mwembamba kuliko inavyotakiwa huenda ni Am. Ukimaliza nenda nanomita 520, je mwanga umebonyea? Watafiti walioorodhesha nyota 1,002 zinazodhaniwa kuwa za sumaku kutoka LAMOST mwaka 2020 walianzia kwenye hilo bonde, ndo wakaja kwenye kromiamu, europiamu na wenzake. Na hata hapo bado ni mtuhumiwa tu. Mwanaastronomia Babcock mwaka 1947 alipothibitisha sumaku ya nyota 78 Virginis alipima jinsi mwanga wenyewe ulivyopolaika, yaani mawimbi yake yanavyotetema kwa mpangilio maalum, hakuhesabu strontiamu.

Tena hiyo strontiamu iko juujuu tu, kama utando wa maziwa ya Tukuyu yaliyochemshwa yakatulia. Anga ya nyota za sumaku imetulia, mwanga unasukuma elementi zingine juu na zingine zinazama. Sasa kuna watu wanaandika mitandaoni eti nyota nzima ni mgodi, Chunya ya mbinguni, na wengine wanapita sokoni na bangili za sumaku za "kusafisha nyota" na vijiwe wanavyodai vimemeguliwa Kimondo cha Mbozi, eti kina nguvu za nyota ya sumaku. Kimondo kile ni chuma na nikeli, hakijatoka kwenye nyota ya namna hiyo hata kidogo, na kukimegua ni kuharibu urithi wetu. Mama yako akiletewa hicho kijiwe mwambie asitoe hata mia.