Paka akizaa mtoto mmoja: joto kwanza, maziwa baadaye

Watoto wa paka wakiwa wanne hulaliana na kupashana joto. Akiwa mmoja hana wa kujibanza naye, na kwa majuma matatu ya kwanza mwili wake hauwezi kujipa joto la kutosha. Nakuru iko zaidi ya mita 1,800 juu ya usawa wa bahari. Usiku wa Julai, sakafu ya saruji pekee inatosha kumuua, hata mama awe na maziwa tele.

Tafuta katoni ambayo mama anaweza kujinyoosha ndani yake. Kata mlango upande mmoja, uache kizingiti cha sentimita 10 hivi ili mtoto asibiringike nje. Tandika magazeti, juu yake fulana kuukuu. Taulo lenye nyuzi hunasa kucha. Jaza maji moto, yasiyochemka, kwenye chupa ya soda ya nusu lita, ivishe soksi nene na uilaze upande mmoja tu wa katoni, ili mtoto akizidiwa na joto ajisogeze. Ikipoa iondoe, maana chupa baridi humnyonya joto. Juma la kwanza, pale anapolala pawe nyuzi 30 hivi. Kisumu shida huwa kinyume: usiweke katoni chini ya mabati yanayochomwa na jua la saa saba.

Mguse mdomoni. Mdomo wake ukiwa baridi, usimpe maziwa kwanza, kwa sababu tumbo lililopoa halisagi chakula. Mweke kifuani chini ya sweta, apate joto polepole kwa muda wa saa moja hivi, ndipo umrudishe kwenye chuchu.

Nunua mizani ya jikoni inayosoma gramu. Mtoto huzaliwa na gramu 100 hivi na huongeza kama 10 kila siku. Mpime saa ile ile. Siku ya kwanza akipungua kidogo si neno, ila baada ya hapo siku mbili bila kuongezeka ni taabu, hata akionekana ananyonya.

Mama akikosa maziwa, ya ng'ombe si mbadala: humharisha mtoto, na kuhara humkausha upesi. Uliza daktari wa mifugo au agroveti maziwa ya unga ya watoto wa paka. Juma la kwanza mpe kila baada ya saa mbili au tatu, mililita 4 hivi kwa mtoto wa gramu 100, akiwa amelalia tumbo. Ukimlaza chali kama mtoto wa binadamu, maziwa huingia mapafuni. Kama mama hamlambi, mpanguse sehemu za nyuma kwa pamba yenye maji vuguvugu. Bila hivyo hakojoi.

Mama mwenyewe ale zaidi ya kawaida yake. Omena zinafaa sana: zioshe mchanga utoke, zichemshe bila chumvi wala kitunguu. Mtoto mmoja hamalizi chuchu zote nane, kwa hiyo zipapase kila siku. Titi gumu, jekundu na la moto linahitaji daktari. Mama akitetemeka na kupepesuka huenda kalsiamu imemwishia damuni. Hapo usingoje kesho.

Viroboto wakimjaa mtoto, humkausha damu hadi fizi ziwe nyeupe. Watoe kwa kitana chenye meno membamba na ufue matandiko kwa maji moto. Dawa ya kuogeshea ng'ombe isimguse paka, na dawa nyingi za viroboto vya mbwa zina permethrin, ambayo ni sumu kwake. Parasetamoli pia humuua.

Walioko Kakamega na Vihiga wanawajua siafu wa msimu wa mvua. Weka katoni juu ya meza pana yenye ukingo, miguu yake ndani ya mikebe ya maji yenye sabuni. Mama anaweza kukimbia, mtoto hawezi.

Macho hufunguka kati ya siku 7 na 14. Usiyapanue kwa vidole, lakini kope zikivimba kabla hazijafunguka, huenda kuna usaha ndani. Dawa ya minyoo huanza juma la tatu, mama naye siku hiyo hiyo, na hurudiwa baada ya majuma mawili. Funga madirisha usiku: madume huua watoto, na mama anaweza kushika mimba nyingine huku bado ananyonyesha. Mfungishe uzazi maziwa yakishakauka.