Umehamia Leicester na unataka kujifunza ndege? Anza na maji yaliyo karibu na kwako

Ndugu zangu na wadogo zangu mnaoendelea kushuka hapa Leicester, wengine mnakuja chuo, wengine kazi za kutunza wazee, naona kila msimu kuna wawili watatu wananiuliza haya mambo ya ndege nimejifunzaje na wao waanzie wapi, basi leo naandika kwa wote.

La kwanza, elewa uko wapi. Hii kaunti ya Leicestershire haina bahari, tuko katikati kabisa ya Uingereza, kwa hiyo yale makundi makubwa ya ndege wa pwani yasahau. Huku mabwawa ndiyo bahari yetu. Kuna Swithland, Cropston, Eyebrook, halafu kuna lile kubwa lao Rutland Water, ambalo bonde lilizibwa miaka ya 1970 ili watu wapate maji ya bomba, ndege nao wakahamia. Rutland ni kaunti yake lakini watu wa ndege wanaihesabu pamoja na Leicestershire.

Sasa usianze kwa kukimbilia Rutland. Kiukweli ushauri wangu mkubwa ni huu: chagua sehemu moja karibu na unapolala, uende kila wiki, mwaka mzima, mvua au jua. Mimi nawapendekezea Watermead, yale mashimo ya zamani ya kokoto kando ya mto Soar kaskazini mwa jiji, basi linakufikisha jirani na hakuna kiingilio. Ukishapazoea mahali pamoja utajua nani ni mwenyeji, nani mgeni, na nani kaondoka, na hiyo ndiyo elimu yenyewe, manake ndege wa huku wanakwenda na kalenda kuliko kitu kingine chochote.

Vifaa visikutishe. Darubini ya 8x42 inatosha kabisa, yaani inakuza mara nane na kioo cha mbele kina milimita 42, na za mitumba zipo nyingi tu. Weka programu ya Merlin kwenye simu ikusaidie kutambua ndege kwa sauti, lakini usiiamini kila inachosema, mtafute ndege umwone kwa macho ndipo uandike.

Anza kipindi cha baridi. Najua Desemba jua linazama kabla ya saa kumi jioni na vidole vinakufa ganzi, lakini miti haina majani kwa hiyo hakuna ndege wa kujificha, na mabata wamejaa wakiwa na rangi zao zote. Jua kwanza wale kumi wa kila siku: kunguru, njiwa, shomoro, kwezi, shakwe, kukuziwa (yule mweusi wa majini), bata wa kichwa kijani, mnandi (mweusi mkubwa anayezamia samaki), blakibadi (dume mweusi mwenye mdomo wa njano), robini (mdogo mwenye kifua cha rangi ya machungwa). Usiwadharau hawa. Ukimjua robini vizuri, kila sauti ngeni utaisikia haraka, na robini anaimba hata Januari, dume na jike wote, mpaka usiku chini ya taa za barabarani. Jioni nenda bwawani ukaangalie shakwe wanavyorudi kulala, wameshinda mashambani na majalalani wanakuja kwa mistari mistari mpaka maji yanakuwa meupe.

Mwisho wa Februari na Machi, tafadhali sana, kaa na kibisi wenye kishungi, wale ndege wa majini wanaozamia samaki. Usipite tu. Dume na jike wanatazamana, wanatikisa vichwa huku na huku, kila mmoja kafungua zile nywele nyekundu za shavuni, halafu ukibahatika wanazama wote wawili wanaibuka na majani ya majini mdomoni, wanasimama kifua kwa kifua juu ya maji wakipiga miguu kwa nguvu. Ni sekunde chache tu. Hakuna kitu kizuri kama hicho kaunti nzima na kipo hapo hapo Watermead.

Machi hiyo hiyo wanaanza kurudi ospri, yule ndege mkubwa mla samaki. Hapo ndipo sasa panda gari na wenzako mwende Rutland Water, upande wa Lyndon kwenye kituo cha kutazamia ndege. Walikuwa wametoweka hii sehemu ya nchi zaidi ya karne, wakaletwa makinda kutoka Skotilandi kuanzia 1996, na 2001 wakazaa kwa mara ya kwanza. Wanakaa Afrika Magharibi wakati wa baridi, Senegali na Gambia huko, na kinda akishaondoka huku kwa kawaida anakaa Afrika mpaka afikishe miaka miwili ndipo arudi. Kuna kamera kwenye kiota, unaweza kuwaangalia mtandaoni hata ukiwa breki kazini.

Aprili mbayuwayu wanafika kutoka Afrika Kusini, na siku za mawingu na mvua mwisho wa mwezi usikae ndani, ndizo siku buabua (wanafanana na shakwe wadogo wembamba) wanaopita wanashuka kwenye mabwawa, jua likiwaka wanapita juu hukuwaona. Mei wanakuja teleka, wanaofanana na mbayuwayu, na kekeo, yule anayetaga kwenye viota vya wengine. Hawa wawili nawapenda kupita maelezo, manake wakitoka huku wanaenda Kongo, kekeo wamefungwa vifaa vya satelaiti na wamefuatwa mpaka kwenye misitu yenyewe, na teleka wengine wanasogea mpaka Msumbiji. Kekeo mkubwa anaweza kuondoka Juni tu, mtoto wake analelewa na ndege wengine, hajawahi kumwona mzazi wake, na bado safari ya Kongo anaijua.

Agosti wengi wanakata tamaa. Kumekuwa kimya, teleka wameshaondoka, na mabata wote wamekuwa kahawia, unajiuliza madume wamekwenda wapi. Wapo. Wamebadili manyoya na kwa wiki kadhaa hata kuruka hawawezi. Angalia mdomo: yule wa kichwa kijani bado ana mdomo wa njano, wa jike una rangi ya machungwa na madoa meusi. Usiache kwenda mwezi huo.

Oktoba ni kwa ajili yenu wa shifti za usiku. Ukitoka kazini usiku mtulivu, simama nje kidogo usikilize juu, utasikia sauti nyembamba, "siiip", inapita gizani. Ni redwingi, ndege wa jamii ya blakibadi, wanatoka Skandinavia, na kesho yake utawakuta na binamu zao fildifea wakila matunda mekundu kwenye uzio wa vichaka vya mashambani.

Kwenye vibanda vya kutazamia, ingia taratibu, salimia kwa sauti ya chini, uliza kuna nini leo. Wazee wa pale wanapenda kuulizwa, wengi watakuachia hadi teleskopu yao uchungulie. Kwenye kiota usisogee hata kama picha inakutamanisha. Na andika: tarehe, saa, upepo, idadi, hata kama ni kukuziwa tupu, halafu ingiza kwenye BirdTrack, mtandao wa kuweka kumbukumbu za ndege, ni bure, na kukuziwa wako wa Jumanne wanahesabika sawa na ospri wa mtu mwingine.