Walaji wa Mwani katika Tanki la Maji ya Chumvi: Niliyojifunza Hapa Lubumbashi

Konokono wa kwanza niliowanunua ili wanilie mwani katika tanki langu la kioo la samaki walikuwa kumi na wawili, na wote walikufa kabla siku ya pili haijaisha. Walidondoka kutoka kwenye kioo mmoja baada ya mwingine, wakalala chali juu ya mchanga huku mguu ukiwa umelegea nje ya ganda, na kufikia asubuhi harufu ilikuwa imeenea sebule nzima. Aliyeniuzia hakuniuliza lolote kuhusu tanki langu, nami sikujua kwamba kulikuwa na la kuuliza. Miezi mitatu kabla ya hapo nilikuwa nimewatibu samaki ugonjwa wa madoa meupe kwa dawa yenye shaba, humohumo ndani ya tanki kubwa, na shaba ile ilikuwa imenasa katika mawe ya chokaa na mchanga, ikawa inarudi majini kidogokidogo. Kiasi ambacho samaki hukivumilia kinatosha kuwaua konokono, kaa na matumbawe. Mji wetu ulianzishwa kwa ajili ya shaba, na jimbo lenyewe liliitwa Shaba kuanzia 1971 hadi 1997. Lakini ilibidi nizike konokono kumi na wawili nyuma ya nyumba ndipo nijue kwamba madini hayo ni sumu yao.

Kwa hiyo, kabla hujamtafuta mnyama yeyote, tafuta kwanza historia ya tanki, hasa ikiwa umelinunua mkononi mwa mtu. Pima shaba kwa dawa ya kupimia. Tanki likiwa limewahi kutiwa dawa hiyo, ni afadhali kubadilisha mawe na mchanga wote kuliko kubahatisha, na siku nyingine samaki mgonjwa atibiwe katika chombo cha pembeni kisicho na mawe. Mimi nilibadilisha vyote, na gharama yake iliniuma.

Jambo la pili nililochelewa kulielewa ni kwamba mwani ulioliwa haujatoka ndani ya tanki. Konokono anaula, anautoa kama kinyesi, kinyesi kinaoza na kuwa nitrati na fosfati, na hizo ndizo chakula cha mwani mpya. Mnyama hupunguza kinachoonekana, ila chanzo kinabaki mikononi mwa mwenye tanki. Kwangu chanzo kilikuwa maji ya bomba niliyoyatumia kuchanganyia chumvi, taa iliyowaka saa kumi na mbili kwa siku, na chakula kingi mno. Wageni walipenda kuwaona samaki wakila, nami nikawa nawalisha kila mgeni anapoingia. Mama jirani alisimama siku moja mbele ya kioo akaniuliza, "Papa, hii samaki banakulaka?", na nilipomjibu kwamba si samaki wa kuliwa alinitazama kwa huruma, kwa sababu samaki hao walikuwa wanakula vizuri kuliko watu wengi mtaani. Tangu hapo ninalisha mara moja kwa siku, taa inawaka saa nane tu, na maji yote yanapita kwanza kwenye chujio la osmosisi, linaloondoa karibu kila kilichoyeyuka majini.

Hapo ndipo wanyama wanapoanza kuwa na faida, nao hawafanani kazi. Mwani mrefu kama nywele, unaoyumba na mkondo, karibu konokono wote huukwepa. Ung'oe kwa mkono na kuuvuta nje kwa mpira wa kunyonyea maji, kisha uwaachie wao mashina mafupi yanayobaki juu ya jiwe. Katika konokono ninampendelea Trochus, kwa sababu akianguka chali aweza kujigeuza mwenyewe, ilhali aina kadhaa nyingine hubaki hivyo hadi zife. Mtazame usiku kwa tochi akiwa juu ya kioo: mdomo unafunguka na kufumba, ulimi wenye meno madogo unakwangua mara moja, kichwa kinahamia upande wa pili, na nyuma yake inabaki njia safi ya mistari iliyopindapinda. Konokono aina ya Turbo hula zaidi, lakini ni mzito na huangusha kila tumbawe ambalo halijagandishwa vizuri.

Kaa wadogo wanaoishi ndani ya maganda ya konokono ninawaweka wachache sana. Hula mwani, ni kweli, lakini wakihitaji nyumba kubwa zaidi humuua konokono na kuhamia kwake, hivyo ni lazima uwaachie maganda matupu ya ukubwa mbalimbali. Samaki anayeitwa Salarias fasciatus ni mchapakazi, na alama za midomo yake hujaa kwenye kioo kama mihuri. Tatizo lake ni njaa, kwani mwani ukiisha wengine hukataa chakula kingine na tumbo hubonyea ndani. Samaki aitwaye kangaja ndiye anayesifiwa kuliko wote, nami ninawakataza kabisa wenye matanki madogo kumnunua. Langu ni la lita 240 na halimtoshi.

Utando mwekundu au wa zambarau unaoteleza na kutoa viputo usiununulie mnyama. Huo si mwani hasa bali ni bakteria, na karibu hakuna anayeula. Unyonye nje na kuongeza mzunguko wa maji.

Kuhusu idadi, wauzaji wengi watakuambia konokono mmoja kwa kila lita nne. Ukifuata hesabu hiyo, nusu yao watakufa njaa na kuoza, na utakuwa umenunua mbolea ya mwani. Mimi nilianza upya na konokono wanane, nikasubiri majuma sita kabla ya kuongeza wanne. Siku ya kuwaingiza usiwe na haraka: maji ya mfuko waliokuja nao mara nyingi hayana chumvi sawa na yako, na konokono hawahimili badiliko la ghafla, kwa hiyo maji ya tanki yadondoke matone kwa matone katika ndoo yao kwa muda wa saa mbili hivi. Mwezi wa Juni na Julai, nyumba zetu zinapopoa usiku, hakikisha pia kwamba ndoo hiyo haijapoa kuliko tanki.

Kioo cha nyuma sikisafishi tena. Nimewaachia konokono kiwe shamba lao, na kila asubuhi naangalia mistari waliyoichora usiku. Mistari inapoanza kugusana bila kijani katikati, najua shamba limekwisha, nami nafunga kipande cha mwani mkavu, ule wa karatasi ambao Wajapani huviringishia wali, kwenye jiwe dogo na kukizamisha jioni taa ikishazimwa.