Mama haoni: akili yake ipimweje?

SWALI: Mama yangu ana miaka 74, presha ya macho imemwacha karibu haoni. Kliniki aliambiwa achore saa, akashindwa, wakasema ana ugonjwa wa kusahau. Ni sahihi?

JIBU: Hapana, ndugu. Kuchora saa hupima macho kabla ya akili. Omba kipimo cha MoCA (maswali mafupi ya kupima kumbukumbu na akili) cha wasioona: alama 8 za michoro na picha huondolewa, hubaki 22, na kuanzia 18 huhesabiwa kawaida. Ataulizwa maneno 5 aliyosomewa dakika 5 kabla, na kutoa 7 kutoka 100 mfululizo. (Asiyesoma shule huweza kukwama hapo akiwa mzima kabisa.) Masikio yachunguzwe kwanza, hata nta huharibu majibu. Eleza pia ya nyumbani: anarudia maswali? Anapotea chumbani alimozoea? Akiona watu wasiokuwepo huku akijua hawapo, huenda ni macho tu.